Masahihisho ya Msiba wa Usoke

Tabora, Alhamisi alasiri

Maganga,

Ulichoniomba jana tulipokuwa tunafunga begi lako, jibu lake ni hapana. Naliandika mwanzo kabisa ili usisome kurasa zote ukilitafuta.

Najua umekwenda Kitete kumuaga shangazi yako, na hatakuachilia kabla jua halijatua. Habari za neti, dawa za tumbo, watu wa kuwaogopa kituoni na mahali pa kuficha simu atakueleza yeye. Anaziweza kuliko mimi. Mimi nina alasiri moja na jambo moja.

Uliniambia hivi, na nayaandika maneno yako kama yalivyotoka: "Mama, subiri miezi sita tu. Muda wa majaribio ukiisha, wakishaniajiri kabisa, andika unachotaka." Hukusema kwa ukali. Ulikuwa unakunja shati. Nilinyamaza, ukadhani nimekubali. Nilikuwa nafikiri tu namna ya kukujibu bila kuliharibu shati.

Habari yenyewe umeisikia kwa vipande: kipande kwangu nikiwa na hasira, kipande kwa mkuu wako mpya wa kazi, kipande kwenye simu za watu. Nakupa yote kwa mpangilio, kama ningemwandikia msomaji asiyenijua.

Mwaka huu, wakati wa kukausha tumbaku, alifariki Lukas Kapama wa Usoke. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha msingi cha wakulima. Walimpenda kwa sababu siku ya kununua tumbaku alisimama kwenye mizani tangu asubuhi, akibishana na wanunuzi juu ya daraja la kila robota. Daktari aliandika kwamba amekufa kwa kiharusi. Nilikwenda kuzika nikiwa na daftari, kwa kuwa tovuti ya habari ninayoiandikia, hiyo hiyo unayokwenda kufanyia kazi, ilitaka habari yake.

Msibani alikuwepo Mzee Salum Pazi, Mzaramo, fundi mstaafu wa reli aliyeletwa Usoke akiwa kijana na hakuondoka tena. Wewe unajua kwamba Mzaramo ni mtani wetu Wanyamwezi, tangu wazee wetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kulala kwenye vijiji vya Wazaramo. Unajua pia kwamba mtani ana kazi yake msibani. Anamsema marehemu vibaya mbele ya jeneza, anawasema wafiwa, anawachekesha wasizimie kwa kilio, na hakuna anayeruhusiwa kukasirika. Mzee Pazi alivaa koti la marehemu na kofia yake, akatembea kama yeye, tumbo mbele, kisha akalala chali katikati ya njia ya kaburini.

"Jeneza halipiti!" alisema. "Huyu hakufa kwa kiharusi, daktari mwongo. Mkewe ndiye aliyemuua, kwa ugali mbichi! Mimi nimekula nyumba hii miaka yote, nashangaa bado napumua."

Watu walicheka mpaka wabeba jeneza wakalishusha. Regina, mjane mwenyewe, alicheka machozi yakimtiririka, akamtupia kanga. "Toka hapo, Mzaramo we! Mbona hukuwahi kubakiza?"

Niliandika habari hiyo usiku ule ule. Nilitaja jina la Mzee Pazi, nikaweka maneno yake, nikataja koti, ugali na kicheko. Sikuandika kwamba ni mtani. Halikunijia hata wazo la kuliandika. Hapa kwetu mtu akivaa koti la marehemu na kulala njia ya kaburini, hakuna anayeuliza ni nani.

Dar es Salaam aliipokea kijana mmoja mwenye lundo la habari mbele yake na agizo la kuzifupisha zote. Akaondoa koti. Akaondoa ugali. Akaondoa kicheko, kwa sababu kicheko msibani alikiona ni kosa langu. Kilichobaki ni hiki: "Mkewe ndiye aliyemuua, alisema Salum Pazi, mkazi wa Usoke, mbele ya waombolezaji." Juu yake akaweka kichwa cha habari: "Mke atajwa kifo cha kiongozi wa wakulima." Chini yake jina langu.

Hakuna mtu wa pili aliyeisoma kabla haijatoka. Nimeuliza mara tatu na nimejibiwa mara tatu: hakuna.

Regina kwao ni Ulyankulu, katika familia zilizotoka Burundi. Huko utani huu wa Mzaramo na Mnyamwezi si wao. Yeye aliujua kwa kuolewa huku. Kaka yake hakuujua. Picha ya habari ile ilipomfikia kwenye simu, alipanda pikipiki mpaka Usoke, akamkuta dada yake bado yuko kwenye mkeka wa matanga, akamuuliza mbele ya watu: "Ulimpa nini?" Regina aliniambia kwamba hilo ndilo lililomvunja. Siku tatu baadaye wakaja ndugu za marehemu kutoka Bukene. Wao utani wanaujua, lakini walisoma kitu kilichoandikwa, chenye jina la mwandishi wanayemfahamu, na neno utani halimo. Wakamwambia arudi kwao kwa muda, jambo likae sawa. Aliondoka tumbaku ikiwa bado ndani ya bani la kukaushia, moto ukiwa chini yake.

Nilipokwenda Usoke nilimkuta Mzee Pazi ameketi mlangoni kwake na redio isiyowashwa.

"Shikamoo, Mzee Pazi."

"Marahaba. Kaa hapo nikutazame vizuri. Nyie Wanyamwezi nilikuwa nasikia mlikuwa wapagazi hodari. Kumbe uongo. Nimekupa mzigo wa maneno uufikishe Dar es Salaam, umeangusha nusu njiani!"

Niliketi. Akaendelea, na sasa hakuwa akitania.

"Nimekwenda Bukene kwa nauli yangu. Nimewaambia mimi ndiye niliyesema, na nilisema kama mtani. Unajua wamenijibu nini? Kwamba gazeti limeandika vingine. Nikawaambia, gazeti lilinisikia mimi! Mimi ndiye gazeti! Wakaniambia Mzee Pazi, wewe siku zote unatania, tutajuaje sasa hivi hutanii?"

Ndivyo ilivyokuwa. Mtu pekee aliyejua ukweli wa maneno yale hakuweza kuaminiwa, kwa sababu kazi yake ni mzaha.

Nikampigia mkuu wako. Wewe unamwona mtu mwema, na kweli si mbaya. Mazungumzo yetu niliyaandika yakiendelea.

"Mama yangu, hiyo habari imeshapita."

"Regina hajapita. Yuko Ulyankulu."

"Tukitangaza kwamba tulikosea tunaifufua. Watu wameshasahau."

"Nitajie mmoja aliyesahau."

Akacheka. "Mama, wewe ni wa zamani. Siku hizi hatuna dawati la masahihisho. Msomaji ndiye msahihishaji wetu. Akiona kosa anaandika pale chini, tunabadilisha dakika hiyo hiyo."

"Regina hana simu ya kuandikia pale chini."

Jioni ile kichwa cha habari kilibadilishwa kikawa "Kiongozi wa wakulima azikwa Usoke", na sentensi ile ikatolewa. Hakuna mstari unaosema kwamba kulikuwa na kitu kikaondolewa. Ukiifungua leo ni habari safi kabisa. Lakini picha ya ile ya kwanza iko kwenye simu za watu kuanzia Urambo hadi Nzega, na sasa wanasema waandishi wametishwa wakaficha ukweli. Kosa la kwanza lilimtia Regina kwenye shaka. Marekebisho ya kimyakimya yameifanya shaka ionekane kama siri.

Hapo nilipaswa kuandika masahihisho yangu mwenyewe, siku ile ile. Sikuandika. Nilisubiri miezi minne, na sababu yake ni wewe. Ombi lako la kazi lilikuwa mezani kwao. Nilijiambia wacha mtoto aitwe, wacha afanye usaili, wacha apate barua. Kila wiki nilikuwa na "wacha" mpya. Kwa hiyo unaponiomba miezi sita usidhani nakushangaa. Nimeshaitumia minne bila wewe kuniomba. Huo ndio woga wangu, na nimeuweka kwenye karatasi ili usiwahi kuniita jasiri.

Sasa muda umetulazimisha. Wiki iliyopita nilimpigia mkubwa wa ukoo wa marehemu, Mzee Deus wa Bukene. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwandishi, maneno ya mdomo tunayo mengi. Sisi tulisoma. Kama ulichoandika hakikuwa sawa, andika tena, tia jina lako, ukibandike mahali watu wanaposoma, utuletee na karatasi. Jumamosi tunakaa Usoke."

Jumamosi hii. Wanakaa kuamua kama Regina atarudi kwenye nyumba yake na shamba lake kabla ya kumwaga mbegu za msimu ujao kwenye vitalu. Wakiamua hapana, shamba atapewa mwingine, na baada ya miezi yako sita nitakuwa na masahihisho mazuri sana ya kumsomea mwanamke asiye na pa kurudi.

Umesema pia kwamba kila chombo kina makosa siku hizi, kwa nini nijitoe mhanga kwa moja. Ni kweli yapo kila mahali. Nimesoma habari iliyoihamishia Urambo mkoa mwingine. Nimeona picha ya padri mmoja imewekwa kwenye kesi ya mtu mwingine. Nimesoma juu ya mzee aliyefariki Jumatatu na kufungua zahanati Alhamisi. Zamani tulikosea pia, usimwamini anayekuambia vinginevyo. Tofauti ni kwamba kati ya kosa langu na macho ya msomaji alikuwa amekaa mtu.

Mimi nilianza kazi chini ya mtu wa namna hiyo. Bi Zuhura alikuwa mkuu wa dawati la masahihisho katika gazeti la Dar es Salaam nililoliandikia mwanzo. Hakuwahi kukanyaga Tabora, lakini aliijua kwa kuuliza. Alikuwa anapiga simu ofisi ya jirani yetu, naitwa, nakwenda mbio, nikishika mkono wa simu yeye hata hasalimii.

"Felista, hapa umesema paa la shule Bukene limeezuliwa na upepo, watoto watatu wameumia. Umewaona?"

"Nimeambiwa, Bi Zuhura."

"Na nani?"

"Mwalimu."

"Mwalimu aliwaona?"

"Nadhani."

"Usinidhanie. Rudi Bukene."

Nilipanda treni ya Mwanza nikiwa nanung'unika njia nzima. Nilipofika nilikuta watoto watatu wale walikimbilia makwao mvua ilipoanza. Mwalimu alihesabu waliobaki, akawakosa watatu, mtu mwingine akasema huenda wameumia, na mimi nikafuta "huenda". Niliwakuta wanacheza na vipande vya bati. Habari ikatoka siku mbili baada ya magazeti mengine, ikiwa sahihi, na hakuna aliyenipongeza. Kwenye kazi hii usisubiri pongezi kwa kosa ambalo halikutokea.

Kosa moja lilipita Bi Zuhura akiwa likizo ya ugonjwa. Lori lilipinduka, nikapewa orodha ya waliokufa, nikamwandika fundi cherehani wa Nzega ambaye alikuwa mzima kabisa. Yeye na aliyekufa walifanana jina. Bi Zuhura aliporudi alinipigia.

"Masahihisho yanatoka kesho, ukurasa ule ule, ukubwa ule ule. Na wewe utampelekea nakala mkononi."

"Bi Zuhura, si atayasoma gazetini?"

"Ulimuua gazetini, utamfufua kwake. Nenda."

Huo ndio uliokuwa utaratibu wake kwa kila mwandishi wa mikoani: aliyekosea anapeleka masahihisho kwa miguu yake mpaka kwa aliyekosewa, anasimama pale mpaka yasomwe. Nilimkuta fundi kwenye mashine yake. Alisoma mara mbili, akalikunja gazeti, akamwita mkewe. "Lete chakula. Huyu ndiye aliyeniua." Kisha akanigeukia. "Kaa ule, mama. Unga ni wa msiba wangu. Majirani walishaleta." Nilikula. Sijawahi kula tonge gumu kama lile, na tangu siku ile sijaandika jina la maiti bila kuuliza la baba yake.

Dawati la Bi Zuhura liliondolewa kidogo kidogo. Kwanza walikuwa wanne, kisha wawili, kisha yeye peke yake na dirisha. Mwishowe wakamwambia mwandishi atajisahihisha mwenyewe. Umeniambia huko unakokwenda kuna programu ya kompyuta inayosoma kila habari. Nimeiona inavyofanya. Habari ya Usoke ingepita kwake bila alama hata moja, maana ile sentensi juu ya Regina haikuwa na neno hata moja lililoandikwa vibaya. Programu haijui nani ni mtani wa nani. Haiwezi kupiga simu Tabora na kuuliza, "Huyu Pazi ni nani kwa marehemu?" Swali hilo moja tu lilitosha. Bi Zuhura angeliuliza kabla hajavua miwani.

Kuna kosa lingine ambalo si la gazeti, na sijawahi kukutajia.

Ulipokuwa kidato cha kwanza uliniandikia kutoka bwenini. Uliandika kwamba wakubwa wamechukua blanketi lako na unalala umekaa, umeegemea ukuta. Niliisoma barua ile nikiwa nimetoka kazini, kalamu nyekundu iko mkononi. Nilizungushia makosa, nikaandika chini "Iandike upya, kwa aya", nikairudisha posta. Nilidhani nakufundisha. Hukuandika tena mpaka kidato cha tatu, na ulipoandika ilikuwa barua isiyo na kosa na isiyo na habari. Blanketi nililetewa habari zake na baba yako miezi mingi baadaye.

Niliisahihisha barua nikamwacha aliyeiandika. Nimekaa na jambo hilo muda mrefu kuliko unavyodhani. Bi Zuhura hakuwa akizipenda sentensi. Alikuwa akimtafuta mtu aliyemo ndani ya sentensi, aone kama ametendewa haki. Mimi nilichukua kalamu yake nikaacha kazi yake. Naomba radhi. Huna haja ya kunijibu kuhusu hilo.

Nakueleza kwa sababu utakutana na watu wa aina zote mbili huko. Kuna atakayekucheka kwa nukta na kuruhusu uongo upite. Kuna atakayekuambia wasomaji hawajali. Huyo wa pili usibishane naye, utapoteza muda wako. Piga simu ya pili tu, hata kama hakuna aliyekuagiza. Mkuu wako akikuuliza kwa nini habari imechelewa, mwambie ulikuwa unauliza huyo mtu ni nani. Akikukaripia, kubali karipio, na kesho yake piga tena. Na siku wakikupa habari ya mwandishi wa mkoani uipunguze, usikate kitu usichokielewa. Ukikuta watu wanacheka msibani, usidhani mwandishi amelewa. Namba yake unayo, muulize.

Leo asubuhi niliandika masahihisho yangu. Sina dawati, kwa hiyo nilimpigia Bi Zuhura. Anaishi kwa binti yake sasa, macho yamepungua, masikio hayajapungua. Nilimsomea. Niliona nimeandika vizuri. Mstari wa kwanza ulisema: "Habari yangu ilipunguzwa na mhariri bila mimi kuulizwa."

"Simama hapo," akasema. "Huyo mhariri ndiye aliyekwenda msibani?"

"Hapana."

"Nani aliyekwenda?"

"Mimi."

"Basi anza na aliyekwenda. Ukianza na mwenzio utasomwa kama mtu anayejitetea, na yule mama atabaki anangoja kwenye mstari wa tatu. Na jina lake liwe juu."

Nilibisha. Nikamwambia wao ndio waliokata kicheko. Akaniambia, "Nimekusikia, Felista. Lakini hukuandika mtani. Uliacha mlango wazi ukalaumu aliyeingia." Nikaandika upya. Alinirudisha mara tatu. Mara ya mwisho akasema, "Hayo sasa peleka." Nyuma yake nasikia binti yake anamwita akale, naye anamjibu ngoja niko kazini.

Baba yako ameyasoma pia. Yeye aliuliza jambo moja tu: "Na Maganga je?" Nikamwambia nakuandikia.

Najua watakachofanya. Mimi wataacha kupokea habari zangu, na hilo halinitishi. Nimeandika kabla ya tovuti yao na kuna mbao za matangazo mjini hapa zinazosomwa kuliko wao. Wewe wanaweza kukuita na kukuambia mama yako ametuaibisha. Wanaweza kukurudisha nyumbani kabla ya mwezi kwisha. Sitajifanya kwamba hiyo ni bei ndogo, umeitafuta kazi hii miaka miwili na ninayafahamu mashati uliyochakaza ukiitafuta. Ukikasirika nami una haki, kasirika. Nimepima nyumba ya Regina na kazi yako, vyote viwili mkononi, kwa siku nyingi. Kazi yako inaweza kupatikana tena, hata kwa shida. Yeye Jumamosi ana siku moja.

Kama kazi ile inaweza kukaa mikononi mwako kwa sharti tu kwamba mjane wa Usoke abaki anaitwa muuaji, basi bado hawajakuajiri. Wamekuazima.

Hapa chini ni yale nitakayobandika kesho saa mbili asubuhi, kwenye ukurasa wangu na kwenye magrupu yote yaliyosambaza picha ile. Nitayachapa steshenari pale karibu na soko, nakala za kutosha. Jumamosi nitampitia Regina kwao, tutakwenda Usoke pamoja, na Mzee Pazi ameahidi kuvaa shati jeupe na kutotania mpaka kikao kiishe. Nitayasoma nimesimama. Nataka uwe umeyaona kabla ya mtu mwingine yeyote, usije ukayasikia kwa mkuu wako.

"Regina Kapama wa Usoke hakumuua mumewe. Lukas Kapama alifariki kwa kiharusi, kama daktari alivyoandika. Mimi, Felista Kalunde, nilikuwepo kwenye maziko yake. Maneno kwamba mkewe ndiye aliyemuua yalisemwa na Salum Pazi, ambaye ni Mzaramo na mtani wa marehemu, akitania juu ya ugali, kama desturi inavyomruhusu, na mjane mwenyewe alicheka pamoja na watu. Katika habari yangu sikueleza kwamba alikuwa mtani. Hilo ni kosa langu. Habari hiyo ilipunguzwa Dar es Salaam, utani ukaondolewa na tuhuma ikaachwa, na haikusomwa na mtu wa pili kabla ya kutolewa. Baadaye ilibadilishwa bila wasomaji kuambiwa. Hakuna aliyetutisha. Tulikosea. Namwomba radhi Regina Kapama, watoto wake, kaka yake, ukoo wa marehemu, na Mzee Pazi ambaye nilimwangushia maneno yake njiani. Aliye na picha ya habari ile kwenye simu yake naomba aipeleke hii kwa kila aliyempelekea ile."

Saa mbili basi lako litakuwa limeshaiacha Tabora nyuma, unaelekea Itigi na Manyoni, na huko mtandao hukatika. Utakapotulia Dar es Salaam kila mtu ofisini atakuwa ameshayasoma. Jumatatu wenzako watakuuliza kama unamfahamu huyo Felista Kalunde.

Wajibu kwa usahihi.

Mama yako